Jeraha limepona, kidole hakikunji

KUNA jeraha moja la mkono ambalo huwadanganya wengi, wagonjwa na hata baadhi ya matabibu. Halimwagi damu ya kutisha, wala halimlazi mtu hospitali. Mtu anakatwa na kisu cha jikoni au kigae cha chupa upande wa ndani wa kidole, anakwenda zahanati, anasafishwa, anashonwa nyuzi tatu au nne, anachomwa sindano ya pepopunda na kurudi nyumbani. Baada ya wiki mbili nyuzi zinatolewa. Kidonda kimefunga vizuri, kovu halionekani sana, na daktari anaandika kwenye cheti kwamba mgonjwa amepona.

Tatizo ni kidole chenyewe. Kimenyooka, hakikunji. Mwenyewe anakiamrisha kikunje, nacho kinamtazama tu.

Kilichokatika siku ile haikuwa ngozi peke yake. Ilikatika kano, ile kamba nyeupe inayovuta kidole kikunjike, na hakuna aliyeitafuta kabla ya kushona.

Nimeamua kuandika juu ya jambo hili kwa sababu wengi wetu hapa ughaibuni tunaishi kwa mikono. Tupo kwenye majiko ya hoteli, kwenye viwanda vya nyama na samaki, kwenye maghala tunabeba maboksi, kwenye nyumba za watu tunafanya usafi. Mkono ndio unaolipa kodi ya nyumba na ndio unaotuma pesa kwa mama. Na huko nyumbani mambo si tofauti: panga la kukatia majani ya ng'ombe, msumeno wa karakana, bati la kuezekea, kioo cha daladala iliyopinduka.

Hata matajiri hawajasalimika. Mwaka 2017 hapa Uingereza madaktari wa upasuaji wa kurekebisha viungo walilalamika hadharani kwamba wanapokea watu wengi mno waliojichoma kisu kiganjani wakikata parachichi. Daktari Simon Eccles, aliyekuwa mmoja wa viongozi wa chama chao, alipendekeza maparachichi yawekewe lebo ya tahadhari. Msomaji wa Mbeya au Murang'a anaweza kucheka, maana sisi parachichi tunalikata tangu utotoni. Lakini jinsi ajali yenyewe inavyotokea si ya kuchekesha: mtu analishika tunda kiganjani, analidunga kisu ili atoe kokwa, kisu kinateleza na kupenya hadi kwenye kano na neva.

Kabla hatujaenda mbali, tusafishe kwanza neno. Katika Kiswahili cha kila siku tuna neno moja, mshipa, ambalo tumelitwisha mizigo mitatu. Bomba la damu ni mshipa. Waya unaopeleka hisia kwenye ubongo ni mshipa. Na kamba inayovuta mfupa nayo tunaiita mshipa. Mtu akikwambia "nimekatika mshipa" hujui kama anatoka damu, kama amekufa ganzi, au kama kidole hakikunji. Neno la hiyo kamba lipo, ni kano, wapishi na wachinjaji wanalijua sana. Hospitalini tunalihitaji kuliko buchani.

Tusijilaumu lakini, maana hata wakubwa wa elimu walichanganyikiwa hapo hapo. Galen, tabibu wa Kigiriki wa karne ya 2, hakuzitenganisha vizuri kano na neva, na mafundisho yaliyopitishwa kwa jina lake yalionya kwamba kuichoma kano sindano kutamletea mgonjwa degedege na balaa. Onyo hilo lilitisha vizazi na vizazi vya matabibu. Ibn Sina, yule mwanachuoni aliyefariki mwaka 1037, hutajwa kuwa miongoni mwa wa kwanza kushauri kwamba kano iliyokatika ishonwe. Ulaya ilichukua karne kadhaa zaidi kumsikia.

Sasa tuangalie mkono wenyewe. Shika kigasha chako cha kushoto, yaani hapo kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, kwa mkono wa kulia. Kisha chezesha vidole vya kushoto. Unasikia nyama inavyotembea chini ya ngozi? Injini ya vidole iko huko. Ndani ya kidole hakuna msuli wa kukikunja, kuna mifupa na kamba zinazotoka mbali. Kila kidole, ukiacha gumba, kina kano mbili za kukikunja. Moja inaishia kwenye pingili ya kati, nyingine inapita katikati ya mwenzake na kwenda hadi pingili ya mwisho, ile yenye ukucha. Gumba lina moja ndefu.

Kamba hizi hazielei ovyo. Zinapita ndani ya ala, mithili ya ala ya kisu, yenye ute unaozilainisha. Na ala hiyo imefungwa kwenye mfupa na pete ngumu ambazo mtu wa pwani atazielewa upesi nikimwambia ni gofia. Jahazini henza hupita kwenye gofia ili tanga lipande. Bila gofia kamba ingeninginia hewani na nguvu zote zingepotea. Kidole nacho ndivyo. Pete mbili kati ya hizo, iliyo kwenye pingili ya kwanza na iliyo kwenye pingili ya kati, ndizo zenye kazi kubwa zaidi. Zote zikiharibika, kano inatuna chini ya ngozi kama uzi wa upinde na kidole hakifungi ngumi sawasawa.

Hapo ndipo penye ugumu wa upasuaji huu. Kushona kamba mbili zilizokatika si kazi ya ajabu, fundi viatu yeyote anaweza. Kazi ni kushona kamba ambayo lazima baadaye iteleze ndani ya ala nyembamba, huku mwili wenyewe, kwa nia njema kabisa ya kuponya, unamwaga kovu linalogandisha kila kitu: kano ya juu, kano ya chini, ala na mfupa. Kano iliyoshonwa ikagandana haina tofauti kubwa na kano isiyoshonwa.

Eneo baya kuliko yote linaanzia karibu na mstari wa mbele wa kiganja na kuishia katikati ya pingili ya kati. Humo kano zote mbili zimebanana ndani ya ala moja. Daktari Sterling Bunnell wa San Francisco, anayehesabiwa kuwa baba wa upasuaji wa mkono Marekani, aliliita eneo hilo kwa jina la vita: ardhi isiyo na mwenyewe, ile sehemu kati ya mahandaki ya majeshi mawili ambayo anayeikanyaga hufa. Ushauri wake ulikuwa mkali. Kano ikikatika humo usiiguse. Safisha, funga ngozi, subiri kidonda kipone, kisha urudi baadaye uweke kano ya kupandikiza iliyotolewa sehemu nyingine ya mwili.

Bunnell hakuwa mjinga. Zama zake viuavijasumu vilikuwa havijaenea, nyuzi zilikuwa nene, na wengi waliothubutu kushona humo walikuwa madaktari wa zamu wasio na uzoefu, kwenye vidonda vichafu. Matokeo yalikuwa vidole vilivyooza au vilivyokakamaa kama kuni. Kitabu chake kikubwa juu ya upasuaji wa mkono kilitoka mwaka 1944, wakati vita vikirudisha maelfu ya vijana wenye mikono iliyoharibika, na mwaka 1946 akawa rais wa kwanza wa chama cha wapasuaji wa mkono cha Marekani. Neno lake likawa sheria.

Sheria hiyo ilianza kuvunjwa na watu wachache wakaidi. Uswisi, katika mji wa Lausanne, Claude Verdan alichapisha mwaka 1960 matokeo ya kushona kano moja kwa moja katika eneo hilo lililokatazwa. Kisha mwaka 1967 Harold Kleinert na wenzake wa Louisville, jimbo la Kentucky, wakasimama mbele ya wataalamu wenzao na kusema kwamba wao wanashona humo siku ile ile ya ajali na vidole vinakunja. Hawakuaminiwa. Inasimuliwa kwamba ilibidi watumwe wakaguzi waende Louisville kuwaona wagonjwa kwa macho yao. Walivikuta vidole vinakunja.

Siri ya Kleinert haikuwa kwenye sindano tu. Baada ya kushona, alimfungia mgonjwa uzi wa mpira kutoka kwenye ukucha hadi kifundo cha mkono. Mgonjwa alikinyoosha kidole mwenyewe, na mpira ukakikunja kwa niaba yake. Kano ikawa inatembea bila kuvutwa na msuli, na kovu halikupata nafasi ya kuigandisha. Huu ndio ugunduzi ambao, kwa maoni yangu, una uzito kuliko kisu chochote cha chumba cha upasuaji: kwamba kano hupona vizuri ikitembezwa, na hukakamaa ikilazwa.

Hebu tuingie chumba cha upasuaji chenyewe. Jambo la kwanza linalomshangaza mgeni ni kwamba ncha za kano hazipo pale kidonda kilipo. Msuli ulioko kigashani, ukishakosa kitu cha kuushikilia, hujivuta na kuondoka na kamba yake, wakati mwingine mpaka kiganjani au juu zaidi. Mpasuaji hurefusha kidonda kwa mkato wa zigizaga, maana mkato ulionyooka katikati ya kidole ungeleta kovu linalokivuta. Kisha huitafuta ncha iliyokimbia, aidha kwa kukamua kigasha kuelekea chini, aidha kwa kupitisha mrija mwembamba ndani ya ala na kuirudisha kano njia ile ile iliyotokea. Kila inaposhikwa ovyo na koleo inapata jeraha jipya, na kila jeraha jipya ni kovu jipya. Ndiyo maana kazi hii inataka mikono mipole.

Mshono maarufu kuliko yote unaitwa kwa jina la Isidore Kessler, aliyeueleza mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuufafanua tena mwaka 1973. Uzi unaingia ndani ya kano, unakumbatia nyuzinyuzi zake pembeni na kurudi upande wa pili, ili ukivutwa uzidi kushika badala ya kuichana kano kama kisu kwenye mkate. Mshono huo katika umbo lake la awali huvusha nyuzi mbili tu kwenye mkatiko. Baadaye ilionekana kwamba nyuzi mbili hazitoshi kwa kidole kitakachotembezwa mapema. Siku hizi wataalamu wengi wanataka nyuzi nne zivuke, wengine sita. Halafu uzi mwembamba sana unazungushwa pembezoni mwa kano ili paungio pawe laini, pasikwame kwenye gofia.

Hesabu yake ni ya kubana. Nyuzi nyingi zinaleta nguvu, lakini pia zinaleta unene, na unene unakwama. Ncha zikiachana zaidi ya milimita 3 kano haijengi nguvu inavyotakiwa. Mchina Jin Bo Tang, wa mji wa Nantong, amewafundisha wenzake kutoogopa kufungua sehemu ya zile pete pale paungio linapokwama, mradi nyingine zibaki nzima. Zamani kuigusa pete ya pili au ya nne ilikuwa mwiko. Upasuaji wa mkono, kama msomaji ameshaona, ni historia ya miiko inayovunjwa mmoja mmoja.

Na mwiko mkubwa uliovunjwa katika zama zetu ni wa ganzi. Kwa miaka mingi wanafunzi wa udaktari waliimbishwa kwamba dawa ya ganzi iliyochanganywa na adrenalini haichomwi kwenye kidole, kwa kuwa adrenalini hubana mishipa ya damu na kidole kitakufa. Kwa hiyo mgonjwa wa kano alipewa nusukaputi au ganzi ya mkono mzima, mkono ukabanwa na mpira wa hewa ili damu isiingie, na mpasuaji akafanya kazi huku saa inamkimbiza.

Daktari Don Lalonde wa mji wa Saint John, jimbo la New Brunswick nchini Kanada, aliamua kufukua asili ya hofu hiyo. Ilionekana kwamba visa vingi vya vidole vilivyokufa vilitokea kabla ya 1950, zama za dawa ya zamani iitwayo prokaini, ambayo ikikaa muda mrefu dukani hugeuka tindikali. Adrenalini ilibebeshwa kesi isiyo yake. Mwaka 2005 Lalonde na wenzake walichapisha kumbukumbu za upasuaji 3,110 wa mikono na vidole uliotumia adrenalini. Hakuna kidole hata kimoja kilichopotea. Na ipo dawa, fentolamini, inayoondoa nguvu ya adrenalini pale daktari anapoona kidole kimekaa cheupe mno.

Maana yake kwa mgonjwa ni hii: anachomwa sindano ya lidokaini yenye adrenalini kidogo, anasubiri kama nusu saa, na mkono unakuwa hauna maumivu wala hautoki damu nyingi. Hakuna usingizi, hakuna mpira wa kubana. Yuko macho. Kano ikishashonwa, mpasuaji anamwambia: "Haya, kunja kidole." Anakunja, palepale, kidonda kikiwa wazi. Ncha zikiachana inaonekana, mshono unaongezwa. Paungio likikwama kwenye pete inaonekana, pete inafunguliwa kidogo. Ngozi haifungwi mpaka kidole kimethibitisha chenyewe kwamba kinafanya kazi. Aliyewahi kuona fundi wa cherehani akimvalisha mteja nguo kabla ya kumaliza pindo ataelewa.

Kwetu Afrika Mashariki njia hii ina maana ya pekee, kwa sababu kinachokwamisha upasuaji mara nyingi si kukosekana kwa mpasuaji tu, ni kukosekana kwa mtaalamu wa usingizi, mashine yake na oksijeni. Chuo cha wapasuaji cha nchi za Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika, COSECSA, chenye makao Arusha, kimekuwa kikifundisha wapasuaji katika hospitali za ukanda huu tangu kilipoanzishwa mwaka 1999, na Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1996. Wataalamu wapo, ingawa ni wachache kwa nchi kubwa hivyo. Penye pengo kubwa ni katikati: kati ya mkulima aliyekatwa na panga huko Kibondo na chumba cha bingwa.

Pengo hilo halizibwi na helikopta. Linazibwa na tabibu wa kituo cha afya anayejua mambo mawili. La kwanza, kupima kabla ya kushona. Shikilia kidole cha mgonjwa kwenye pingili ya kati kisisogee, mwambie akunje ncha. Isipokunja, kano ya ndani imekatika. Kisha nyoosha na kushikilia vidole vingine vyote, mwambie akunje hicho kilichobaki. Kisipokunja kwenye kiungo cha kati, ya juu imekatika. Gusa pande zote mbili za ncha kwa pamba: asiposikia, neva nayo imekwenda, maana hupita jirani. Mtoto asiyeelewa maagizo mwache atulie tu na kiganja kielekee juu. Vidole vizima hujikunja kidogo vyenyewe kwa mpangilio, kila kimoja kikizidi mwenzake kuelekea kidole cha mwisho. Kile kilichonyooka peke yake ndicho chenye kesi. Hakuna mashine, hakuna umeme, ni dakika mbili.

La pili, ajue kwamba hii si dharura ya saa moja. Kama damu inafika kwenye kidole, kano inaweza kusubiri siku kadhaa. Kidonda kisafishwe vizuri, ngozi ifungwe, mkono uwekwe kwenye banzi huku kifundo kimekunjwa kidogo kuelekea kiganjani ili msuli usivute, na mgonjwa apewe barua ya kumpeleka kwa anayeweza. Siku chache za mwanzo ndizo nzuri kuliko zote, wiki mbili bado ni sawa. Baada ya wiki tatu, nne, msuli unakuwa umefupika, ala imejikunja, na ncha hazikutani tena bila kulazimishwa. Mzigo wa kumfikisha mgonjwa kwenye basi ndani ya wiki mbili ni mdogo kuliko wa mtu mwenye mkono wa kulia usioshika jembe kwa miaka 30 ijayo.

Na wewe mgonjwa, kabla ya tabibu: pete zitoke vidoleni haraka maana mkono utavimba, kitambaa safi kibanwe juu ya jeraha, mkono uinuliwe juu. Kahawa, mafuta ya taa, udongo na majani yaliyotafunwa vikae mbali. Najua bibi zetu wameponya mengi kwa majani, lakini kwenye ala ya kano uchafu ni moto kwenye makuti.

Turudi huku tuliko, kwa sababu kosa la ughaibuni ni la aina nyingine. Hapa upasuaji wenyewe mara nyingi unafanyika vizuri. Kinachotushinda ni wiki 12 zinazofuata.

Kano iliyoshonwa haina nguvu yake siku ya kwanza, wala wiki ya kwanza. Katika wiki tatu za mwanzo inashikiliwa na uzi tu, na ncha zake kwanza hulainika kabla ya kuanza kuungana. Wakati huo huo lazima itembezwe. Ni kama kutembea juu ya ukuta: ukilala umeanguka upande wa kovu, ukikimbia umeanguka upande wa kukatika. Wataalamu wamebishana miaka mingi juu ya mwendo unaofaa. Duran na Houser mwaka 1975 walisema mkono mwingine ukisogeze kidole milimita 3 hadi 5 za kano, inatosha. Belfast mwaka 1989 wakaeleza jinsi wagonjwa wanavyoweza kukunja kwa nguvu zao wenyewe, kidogo kidogo, ndani ya banzi. Siku hizi wengi wanaelekea huko: nusu ngumi, bila kubana kitu, mara kadhaa kila siku, kwa uangalizi. Hapa Manchester wamefupisha hata banzi lenyewe ili kifundo cha mkono kiwe huru.

Kijana mmoja ninayemfahamu, mtu wa Tanga, alikatwa na kioo akashonwa kano mbili za kidole cha kati. Kazi nzuri kabisa. Alifanya mazoezi kwa bidii, na wiki ya nne kidole kilikuwa kinakunja vizuri mpaka akaanza kuwaonyesha watu msikitini. Akaamini amepona. Wakala wake wa kazi hakumlipa siku asizofanya kazi, kodi ya chumba ilikuwa imefika, na kule nyumbani kulikuwa na ada ya shule ya mdogo wake. Akavua banzi, akaenda zamu ya usiku ghalani, akanyanyua kreti. Anasema alisikia kitu kikilia "ta", kama uzi wa mshipi wa kuvulia ukikatwa na samaki. Aliona aibu kurudi hospitali. Alirudi baada ya mwezi, na kwa wakati huo hapakuwa na kitu cha kushona tena kirahisi.

Simlaumu. Lakini angerudi siku ile ile, au ya pili yake, wangeweza kuishona upya. Hilo ndilo jambo ambalo wengi hawaambiwi, au wanaambiwa kwa Kiingereza cha haraka haraka: kano ikikatika tena, nenda leo.

Wapo pia wanaoogopa hospitali kwa sababu ya makaratasi. Kwa England, huduma ya idara ya dharura ni bure kwa kila mtu, bila kujali hali yake ya uhamiaji. Kinachoweza kudaiwa malipo ni kinachofuata, kulazwa au kurudi kliniki, kwa wale wasio na haki ya matibabu ya bure, na hapo ni vizuri kupata ushauri mapema badala ya kujificha. Marekani sheria ya shirikisho ya mwaka 1986 inazilazimisha hospitali zenye idara ya dharura zinazopokea malipo ya Medicare, na ndizo karibu zote, kumpima na kumtuliza mgonjwa wa dharura hata kama hana bima. Lakini haizilazimishi kumpa mazoezi ya wiki 12, na mazoezi ndiyo nusu ya tiba. Ndugu zetu wanaofanya kazi za ndani katika nchi za Ghuba wana ugumu wao, kwani ruhusa ya kutoka kwenda kliniki mara nyingi iko mdomoni mwa mwajiri. Barua ya daktari inayotaja wiki, kwa Kiarabu, husaidia kuliko maneno ya mfanyakazi mwenyewe.

Nimezungumza juu ya kano za kukunja. Zile za kunyoosha, mgongoni mwa mkono, ni rahisi zaidi kwa mpasuaji, ila zina mitego miwili. Ncha ya kidole iliyogongwa na mpira au mlango ikaning'inia chini mara nyingi haihitaji kisu, inahitaji banzi dogo wiki 6 hadi 8 mfululizo bila kukosa hata saa moja. Ukiiacha ikunje mara moja bafuni unaanza kuhesabu upya. Na mtego wa pili ni ule wa aliyempiga mwenzake ngumi ya mdomo. Kidonda kidogo juu ya kifundo cha kidole, alama ya jino, kwa kawaida mwenyewe husema amejikwaruza. Mdomo wa binadamu una vijidudu vibaya kuliko anavyodhani mtu, na vinaingia moja kwa moja kwenye kiungo. Hicho kidonda hakishonwi, kinafunguliwa na kuoshwa. Mwambie daktari ukweli, yeye si polisi.

Je, yule ambaye kidole chake kimenyooka tangu mwaka juzi? Wapo wengi, na baadhi yao watakuwa wanasoma hapa. Kama kano ilishonwa ikagandana, inaweza kufunguliwa kutoka kwenye kovu baada ya miezi kadhaa, ngozi ikishalainika na mazoezi yakishagota. Kama haikushonwa kabisa, kuna kupandikiza. Pale ala ilipokufa, hufuatwa njia ya hatua mbili iliyoenezwa na James Hunter wa Philadelphia tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970: kwanza fimbo laini ya silikoni inalazwa ndani ya kidole, mwili unaizungushia ala mpya, na baada ya kama miezi mitatu fimbo inatolewa na kano ya kupandikiza inapitishwa humo. Na pale msuli wenyewe umekufa, msuli mwingine unaweza kuhamishwa kazi. Daktari Paul Brand alifanya hivyo Vellore, India, tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, akiwarudishia wagonjwa wa ukoma mikono iliyokuwa imejikunja kama makucha.

Sharti la yote hayo ni viungo viwe laini. Kidole kisichojikunja chenyewe, lakini kinakunjika ukikisukuma kwa mkono mwingine, bado kina matumaini. Kwa hiyo kikunje, kila siku, kwa mkono mwingine, hata kabla hujampata daktari.

Na kano ya kupandikiza inatoka wapi? Gusanisha ncha ya gumba na ya kidole cha mwisho, kisha kunja kifundo cha mkono kidogo. Kwa watu wengi kamba nyembamba inasimama katikati ya kifundo, chini ya ngozi. Hiyo haina kazi kubwa mwilini na ndiyo ya kwanza kuchukuliwa. Usipoiona usishtuke, baadhi ya watu huzaliwa bila hiyo, na hakuna wanachokosa. Daktari atakwenda kuitafuta nyingine mguuni.